Kanyagio la Zeina

Msimu wa harusi ulipofika, Alamin alifunga duka lake la magodoro mapema, akairudisha pikapu kinyumenyume hadi mlangoni kwake Shella, Malindi, akaanza kupakia. Kwanza spika, kwa kuwa ndiyo nzito. Kisha amplifaya, aliyoizungushia blanketi kama mtoto mwenye homa. Gita ndilo lililokuwa la mwisho, ndani ya mfuko wake mweusi, na hilo halikuwekwa nyuma hata siku moja. Lilikaa mbele, katikati yake na mkewe Zeina, kama abiria wa tatu.

Wakifika penye harusi, yeye aliishia mlangoni. Kumpamba bibi harusi ni shughuli ya wanawake, na mwanamume, hata awe ndiye aliyebeba spika begani, hana lake ndani. Mikono yenye hina ilitokeza nyuma ya pazia, ikapokea vyombo kimoja kimoja, sauti ikasema, "Ahsante kaka Alamin, Mungu akuweke," na pazia likarudi mahali pake. Alamin akarudi kwenye pikapu, akateremsha kioo cha dirisha, akakaa kusikiliza.

Kwa miaka yote ya ndoa yao, muziki wa mkewe wa harusini aliujua kwa njia ya ukuta. Siku moja, wakinywa chai, alimuuliza, "Hivi ukipiga huko, unasimama au unakaa?"

Zeina alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Miaka yote hii hujui? Nasimama. Tena pekupeku."

"Pekupeku kwa nini?"

"Viatu vyanizuia kusikia."

Alamin hakuelewa, lakini jibu lilimpendeza, akakaa nalo siku nzima dukani.

Gita Zeina alilipata kwa ami yake, Rashad, aliyekuwa akipiga kwenye hoteli za ufuoni zama zile Wataliani walipojaa Malindi. Ami Rashad hakujaaliwa mtoto. Kila siku kabla ya kwenda kazini alikaa uani akajinyoosha vidole kwa gita lisilochomekwa popote, na Zeina, ambaye bado alikuwa akifungwa nywele na mama yake, alikaa mbele yake akitazama. Hakuna aliyemwambia jifunze, wala hakuna aliyemkataza. Siku moja ami aliingia kuoga, na huku kichwa kimejaa povu akasikia wimbo wake mwenyewe ukipigwa nje, taratibu, na kosa lile lile alilozoea kulifanya yeye. Akatoka amejifunga taulo, povu likimchuruzika machoni, akasema, "Hilo kosa ni langu. Tafuta lako."

Zeina alipoolewa, gita lilikuja pamoja na masanduku na sufuria. Mamake Alamin, ambaye sasa ni marehemu, aliutazama mfuko mweusi akauliza ni wa nani. Bibi harusi akainamisha macho akasema ni wake. Bi mkubwa akasema, "Haya. Lakini utapigia stoo, majirani wasije wakadhani tumefungua hoteli."

Stoo ilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba, kimejaa magodoro ya duka toka sakafuni mpaka darini, pamebaki kijia cha kupita mtu na nafasi ya mkeka mmoja. Humo Zeina alichomeka gita lake, na humo sauti ikabaki. Ukiwa uani ulisikia kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Haikupita muda bi mkubwa akawa wa kwanza kujipenyeza humo alasiri, anapanda juu ya godoro na tasbihi yake, ati miguu inamuuma na godoro lile linamfaa. Salmin, mtoto wao wa pekee, alijifunza kutambaa katika kijia kile. Sasa alikuwa kijana mkubwa, anafanya kazi Nairobi, na akipiga simu nyumbani huuliza kwanza kama mama amefanya mazoezi.

Zeina alikuwa na wenzake watatu, wakijiita Vipusa wa Shella. Raiya ndiye mwimbaji, mwanamke mwenye sauti nene na maneno mengi. Kache alipiga ngoma. Na Wafa alipiga kinanda cha umeme, na kusema kweli kinanda kile ndicho kilichokuwa nusu ya kikundi, maana kilikuwa fidla, kilikuwa kodiani, kilikuwa filimbi, na Wafa akiamua, kilikuwa hata mvua. Halafu mumewe Wafa akapata kazi Lamu. Wafa akalia, wenzake wakalia, akaenda zake na kinanda chake.

Raiya alikuja nyumbani kesho yake, akakaa kibarazani bila kuvua buibui.

"Tumebaki na koo langu, gita lako na ngoma ya Kache," alisema. "Harusi ya kina Bi Khadija iko karibu. Tutampamba bibi harusi kwa nini, kwa kupiga makofi?"

"Kuna kanyagio," alisema Zeina.

"La cherehani?"

"La gita. Gita unalichomeka humo, linapita ndani, likitokea upande wa pili lina sauti nyingine. Ukikanyaga hapa, mwangwi. Ukikanyaga pale, sauti inatetemeka kama maji. Na yako mengine yanaliliza gita kama kodiani kabisa. Nimeyaona kwenye simu."

Raiya alimtazama, akamtazama na Alamin aliyekuwa akikata kucha pembeni akijifanya hasikii. "Basi shoga," akasema, "likanyage hilo kabla sijaanza kupiga makofi."

Alamin alijua duka moja Kilifi mjini lililouza vyombo vya muziki, maana aliwahi kupeleka magodoro jirani. Wakaenda asubuhi ya siku ya kazi. Mwenye duka alikuwa Mgiriama mmoja mwembamba, jina lake Mwaro, aliyewauzia watu wa makanisa magita na ngoma, na yeye mwenyewe alipiga gita la besi kanisani kwao Mnarani. Aliwapokea kwa shikamoo mbili, akawavutia viti, kisha akamgeukia Alamin.

"Mzee wapiga mtindo gani?"

Alamin akaelekeza kidevu kwa mkewe.

Mwaro alijishika kichwa. "Nisamehe, mama. Mino, yaani mimi, nilidhani ni mzee. Basi tuanze upya, wewe wapiga mtindo gani?"

"Wa harusi," alisema Zeina. "Nataka gita langu liwe watu wengi."

Mwaro aliweka makanyagio matatu juu ya meza. La kwanza lilikuwa dogo la kuingia mkobani, na sauti zake za kuhesabu. La pili lilikuwa la chuma, pana kidogo, limepangwa vifundo juu kama vya jiko la gesi, na chini yake swichi tatu nene za kukanyagia. La tatu lilikuwa kubwa, jeusi, lina kioo kinachowaka, swichi safu mbili, na ubao wa kubonyeza kwa unyayo kama breki ya gari. Hilo, Mwaro alisema, lina sauti zaidi ya mia, na huwezi kuzimaliza hata ukikaa nalo mwaka.

Zeina alilijaribu dogo akaliweka kando. Alilijaribu la vifundo, akazungusha kimoja, akasikiliza, akazungusha kingine. Alamin alilipenda lile, kwa sababu ya kijinga tu: kila mkono wa mkewe ulipogusa, aliona alichogusa na akasikia kilichobadilika. Lakini Zeina alikuwa ameshageukia lile jeusi. Mwaro akaminya mahali, kioo kikaandika neno, na Zeina alipopiga waya, gita likatoa pumzi ndefu kama kodiani inayofunguliwa. Akafumba macho. Alipoyafumbua, Alamin alijua wameshanunua.

"Lile la katikati nalo si baya," alijaribu kusema.

"Lile halina kodiani."

"Mama," alisema Mwaro, na kwa mfanyabiashara maneno yake yalikuwa ya haki, "hili kubwa ni zuri, lakini lataka utulivu. Mambo yake yote yako ndani ya kioo. Ukitaka kupunguza kitu waingia, watafuta, watoka. Lile jingine mambo yake yako juu."

"Mimi nimemlea Salmin," Zeina alisema. "Kioo hiki kitanishinda?"

Mwaro hakumjua Salmin, lakini alicheka. Akawaambia kwamba wakiona halifai walirudishe likiwa bado safi, naye atawapa jingine.

Nyumba ile ikaingia katika siku za furaha. Zeina alimaliza kazi za asubuhi mbio mbio, akavaa miwani, akaingia stoo. Wateja waliokuja kuangalia godoro kubwa walilikuta limekaliwa na mama anayelifundisha gita kulia. Alipata kodiani. Alipata fidla iliyo na mafua, akaiponya. Alipata sauti nyembamba inayometameta ambayo Alamin hakuwa na jina lake, aliita tu ile ya shanga. Kitu kimoja kilimsumbua: kila sauti ilitoka kavu. Akaongeza mwangwi. Bado kavu. Akamwita mumewe, Alamin akaketi juu ya godoro alilokuwa akikalia mamake, akafumba macho.

"Umesikiaje?"

"Ongeza kidogo," alisema Alamin kwa uhakika wa mtu anayeonja mchuzi.

Akaongeza.

"Kidogo tena."

Akaongeza tena. Sasa gita lilikaa pazuri, laini na lenye upana, na wote wawili wakaridhika.

Harusi ya kina Bi Khadija ilifanywa katika ukumbi mpya, ambao wenyewe walijivunia vigae vyake: vyeupe chini, vyeupe ukutani hadi juu, vinang'aa. Mapazia yalikuwa hayajafika, isipokuwa lile la mlangoni. Alamin alipokeza vyombo, akakabidhi na kanyagio jipya ndani ya boksi lake, akajiegesha kwenye pikapu pamoja na wanaume wengine wa harusi, madereva na ndugu, wamekaa kwenye viti vya plastiki wakisubiri wake zao. Kache akapiga ngoma mara tatu. Raiya akavuta sauti. Kisha gita likaingia.

Alamin alidhani kwanza masikio yake yana maji. Halikuwa gita, ilikuwa ni kama watu kumi wanaopiga gita moja ndani ya tangi, kila mmoja amechelewa nyuma ya mwenzake. Sauti moja haijatoka, ya pili imeipanda mgongoni. Raiya alijaribu kuikimbia, akawahi mbele, akarudi nyuma.

"Jenereta imeanza kukorofisha," alisema mtu mmoja karibu yake.

Muziki ukakatika, ukaanza tena, na mara ukumbini ukatoka mngurumo mzito, mbaya, kama trekta linalokwama matopeni. Kimya. Halafu vicheko vya wanawake, vingi kwa mpigo, na vigelegele vya watu wanaotaka kuficha jambo. Raiya, Mungu amlinde, aliendelea peke yake kwa koo na makofi ya ukumbi mzima. Baada ya muda gita likarudi, safari hii jembamba na tupu, bila pambo lolote. Zeina alikuwa ameng'oa waya kwenye kanyagio akauchomeka moja kwa moja kwenye amplifaya. Akapiga hivyo mpaka mwisho.

Walipokuwa njiani, Zeina alilishika gita mapajani badala ya kuliacha mahali pake.

"Nilitafuta pa kupunguza," alisema. "Kioo kile, herufi zake kama sisimizi. Miwani imo mkobani, mkoba uko nyuma ya Kache. Nikasema nitakanyaga nibadilishe, nikakanyaga siko. Bibi harusi alicheka hadi wanja ukamtoka."

"Alikasirika?"

"Hata. Alinikonyeza, maskini. Lakini mamake hakunitazama tena. Lirudishe Kilifi. Na hili gita nitalifunga. Nimekuwa mtu mzima, nacheza na vitu vya kuwaka taa."

Alamin alijua kwamba mkewe hapendi kubembelezwa kabla hajanywa chai, basi akaendesha gari. Lakini hata baada ya chai alifikiri maneno kadhaa, yote yalikuwa ya duka la magodoro.

Siku zikapita, Zeina hakuingia stoo. Alipika, alifua, alikwenda kumtazama jirani aliyejifungua, alikuwa mchangamfu hata. Ila nyumba ilikuwa imepungukiwa. Alamin alikuwa na desturi ya kulala kidogo baada ya chakula cha mchana, na sasa akajilaza macho makavu, akigeuka huku na huku, mpaka akatambua kwamba hajawahi kulala usingizi ule bila ule mnong'ono wa nyuma ya ukuta. Salmin alipopiga simu akauliza kuhusu mazoezi, Zeina alijibu, "Mama yako ana kazi nyingi." Alamin akatoka nje.

Kisha hoteli moja ya Watamu iliyokuwa ikifanyiwa ukarabati ikataka magodoro, na ikayataka yote. Lori likaja, vijana wakapakia, na kufikia adhuhuri stoo ikawa tupu kwa mara ya kwanza tangu mamake Alamin aolewe. Alamin alichukua ufagio akaingia kutoa vumbi. Vumbi likampata puani, akapiga chafya, na chafya ikapigwa tena ukutani, na tena, kama kuna wazee wengine wawili humo wenye mafua. Alisimama akashangaa. Akaita, "Zeina!"

"Nimesikia!" Zeina alijibu toka jikoni, kwa ukali. "Waniita mara ngapi?"

"Nimekuita mara moja."

"Mara tatu! Mimi si kiziwi."

Alamin alisimama na ufagio wake. Alitazama kuta tupu, akatazama dari, akaona mahali ambapo magodoro yalikuwa yameacha alama nyeupe kwenye rangi. Halafu akaona na jambo lenyewe, akaanza kucheka peke yake.

"Mama Salmin! Hebu njoo. Njoo na gita."

"Gita nimelifunga."

"Lifungue. Nakuomba."

Alikuja amekunja uso, mikono ina unga, gita kwapani. Alamin alikuwa ameshaleta amplifaya na lile kanyagio jeusi. Zeina akachomeka, akapiga waya mmoja, na ndani ya stoo wakaja wale wale watu kumi wa tangini, wamechelewana vile vile. Akapiga tena. Akamtazama mumewe, akazitazama kuta, na uso ukaanza kumfunguka polepole.

"Magodoro," alisema.

"Magodoro."

"Yalikuwa yakimeza mwangwi wote. Nikimimina, yanakunywa. Nikimimina, yanakunywa." Aliketi sakafuni. "Nawe uliniambia ongeza."

"Nilikwambia."

"Mara mbili!"

"Nilikuwa nimekaa juu ya godoro, ningejuaje?"

Wakacheka wote wawili mle, na vicheko vikawarudia, wakazidi kucheka. Zeina alivaa miwani, akaingia ndani ya kioo, akatafuta, akapunguza, akatoka. Akapiga. Sasa sauti ilikaa sawa.

"Basi umepata dawa," alisema Alamin.

"Ya stoo hii, tena ikiwa tupu. Kila ukumbi una tabia yake. Harusini nitafanyaje, niweke miwani nimwinamie bibi harusi miguuni natafuta herufi?" Alilifuta unga kanyagio lile kwa upole, kama mtu anayeagana na mgeni mzuri. "Nilitaka kodiani nikaacha kusikiliza. Twende Kilifi."

Mwaro aliwasikiliza hadithi yote, na ilipofika kwenye trekta alilazimika kugeukia ukutani. Kisha akasema kwamba kosa lilikuwa lake pia. "Hapa dukani kuna maboksi na mazulia, mama. Ukichagua hapa utadanganyika tena. Nina ufunguo wa ukumbi wa kanisa letu Mnarani, mimi ndiye natunza vyombo. Leo hauna watu. Chukueni yale mawili mengine twende."

Wakavuka daraja. Ukumbi ulikuwa mkubwa, sakafu ya saruji iliyong'arishwa, paa la mabati, mabenchi yamesogezwa kando. Mwaro alifungua madirisha, akawachomekea amplifaya, na simu yake ikalia. Mteja wa Mtwapa alikuwa amefika dukani. Akasema atarudi sasa hivi, wajisikie wako nyumbani. Akaondoka.

Zeina alivua viatu, akavipanga kando. Aliinua buibui kidogo lisimkwaze, akavaa ukanda wa gita begani. Alamin alikaa kwenye benchi la mbele, akaweka mikono magotini, na hapo ndipo lilipomjia kwamba atamwona akipiga kama apigavyo harusini.

Zeina alijaribu kwanza lile dogo. Lilikuwa jema ila lilikuwa na neno moja tu la kusema. Akachomeka lile la vifundo. Akapiga, sauti ikatapakaa kwenye mabati. Bila kuinama, bila kuacha kupiga, Zeina akanyoosha mguu, akakishika kifundo kimoja kati ya kidole gumba na kile cha pili yake, akakizungusha nyuma kidogo. Sauti ikajikusanya. Akazungusha kingine. Ikapata joto. Alamin alitazama mguu ule, ambao aliujua, aliwahi kuuchomoa mwiba na kuukanda ulipoteguka, na hakujua kwamba una kazi hii.

Kisha Zeina akaacha kujaribu akapiga wimbo mzima. Ulikuwa wa ami Rashad, ule wa uani. Alamin alikuwa ameusikia mara zisizo idadi. Lakini hakuwa amejua kwamba mwanzoni mkewe huuma mdomo wa chini. Hakujua kwamba bega la kushoto hupanda kidogo kabla ya kila ubeti, kama mtu anayepokea mzigo. Na katikati, mahali ambapo wimbo unateremka na kugeuka, Zeina alitabasamu. Hakumtabasamia yeye, macho yalikuwa yamefumbwa. Alitabasamu tu kwa sababu wimbo ulikuwa umefika hapo. Alamin alifikiri juu ya harusi zote alizokaa nje garini, na katika kila moja, ndani ya ukuta, kulikuwa na tabasamu hili, na wanawake wote wa Malindi walikuwa wakiliona.

Wimbo ulipoisha, Zeina akafumbua macho. "Waonaje?"

"Unasimama," alisema Alamin.

"Nilikwambia nasimama." Akamtazama vizuri. "Baba Salmin, walia?"

"Vumbi la stoo."

"Stoo iko Malindi."

Alikuja akaketi karibu naye benchini, gita likiwa bado begani, wakakaa hivyo hadi waliposikia pikipiki ya Mwaro nje.

"Haya, mama, mmeshachagua?" Mwaro aliuliza.

"Hili la vifundo."

"Lakini kodiani halina. Nisije nikalaumiwa."

"Kodiani ataimba Raiya," alisema Zeina. "Koo lake ni kubwa, lina nafasi."

Na kweli, Raiya alipoambiwa alikasirika siku moja, kisha akaanza kutafuta mahali pa kuvuta sauti ambapo zamani Wafa aliweka kinanda, na alipata pengi. Wafa mwenyewe alitumiwa rekodi kwa simu kule Lamu. Akajibu kwamba amesikia wivu, kisha akaomba atumiwe nyingine.

Harusi iliyofuata ilikuwa Sabaki, uani kwa watu, chini ya turubai zilizofungwa kwenye minazi. Uwanja wazi, mchanga chini, hakuna ukuta wa kurudisha kitu. Wanaume waliwekewa majamvi na benchi moja upande wa pili wa ua wa makuti, na Alamin alijibanza mwisho wa benchi, nusu yake ikiwa hewani. Alikuwa na wasiwasi kuliko siku aliyoposa.

Ngoma ya Kache ilianza. Raiya akafuata. Gita likaingia, na likaingia kavu, jembamba, upepo unalichukua. Alamin aliushika ukingo wa benchi. Ubeti wa kwanza haujaisha, sauti ikaanza kunenepa, polepole, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili kidogo tena, mpaka ikakaa juu ya ua ule kama harufu ya udi, na hapo ikasimama. Akauona mguu ule katika mawazo yake, akaliachilia benchi.

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, kanzu yake imepigwa pasi vizuri na tumbo limetangulia, alikuwa amesikiliza muda wote akitikisa kichwa. Alimgeukia jirani yake.

"Yakhe, huyu apigaye gita nani? Kwetu hatuna mtu kama huyu."

Alamin alikohoa kidogo. Jina la mke halitajwi ovyo mbele za watu, wala yeye hakuwa mtu wa kujisifu.

"Ni nyumbani kwangu," alisema.

Mzee alimtazama, kisha akasogea, akawaambia na wale wa mbele wasogee, mpaka Alamin akapata benchi la kutosha, akamvutia na sahani ya halua iliyokuwa upande wake.

"Kula, bwana," alisema. "Na tunyamaze, tusikilize."